Kifua cha Mtoto, Vumbi la Zizi na Moshi wa Jiko

Taifa lenye askari hodari wasioweza kumtofautisha mgeni na mwizi halina amani. Kila abishaye hodi hupigwa, kila apitaye njiani hutiwa pingu, na mwisho wake wenye nyumba huumizwa na walinzi wao kuliko ambavyo wangeumizwa na mwizi. Mwili wa binadamu nao ndivyo ulivyo. Umejaliwa jeshi la kuulinda na maradhi, nasi twaliita kinga ya mwili. Lakini jeshi hilo lisipofunzwa kuyavumilia yasiyo na madhara, hugeuka likawa maradhi lenyewe. Mgonjwa wa pumu atwetaye usiku wa manane kwa sababu ya vumbi la godoro hakutiwa sumu na vumbi hilo. Amebanwa kifua na askari wake mwenyewe, ambao wamekiona kitu kidogo kisicho na ubaya wakakidhani adui, wakaufunga mlango wa pumzi.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za daktari mmoja wa Ujerumani, Bibi Erika von Mutius, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 ameitafuta sababu inayowafanya askari hao wawe na adabu katika vifua vya watoto wengine, na waikose katika vifua vya watoto wengine. Twazileta habari zake katika ukurasa huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, yeye ni mfano wa msomi aliyekubali kufundishwa na ukweli, hata ukweli huo ulipopinga yale aliyoyatazamia. Ya pili, mambo aliyoyagundua yanaigusa kila nyumba yenye mtoto mchanga na jiko la kuni. Nayo yakieleweka nusu nusu yaweza kudhuru badala ya kufaa.

MIJI MIWILI YA TAIFA MOJA

Katika miaka ya 1980 wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba hewa chafu ndiyo mama wa pumu na mizio. Hawakuamini hivyo bure. Mwezi wa Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London kwa siku 5, na watu wapatao 4,000 wakahesabiwa kuwa wamekufa kwa ajili yake. Hesabu zilizofanywa miaka mingi baadaye zilisema yamkini walifika 12,000. Ikiwa moshi waweza kuua watu wengi hivyo kwa juma moja, nani angeshangaa kuambiwa kwamba pumu nayo hutoka humo humo?

Bibi von Mutius wakati huo alikuwa daktari kijana wa watoto katika mji wa Munich, kusini mwa Ujerumani, ambako ndiko alikosomea udaktari. Yeye na wenzake walikuwa wakiwapima watoto wa shule za mji huo katika mwaka wa masomo wa 1989 hadi 1990, ili wajue hewa ya mji inavifanyia nini vifua vyao. Ndipo historia ilipomfungulia mlango ambao hakuna mtafiti angeweza kuufungua kwa nguvu zake. Tarehe 9 Novemba 1989 ukuta wa Berlin ulifunguliwa, na tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani mbili zikawa moja.

Kwa miaka 40 watu wa asili moja na lugha moja walikuwa wameishi maisha mawili mbalimbali. Magharibi kulikuwa na utajiri, magari mengi, nyumba zilizozibwa barabara zisipitishe baridi, na familia ndogo. Mashariki, katika Jamhuri ile ya Kidemokrasia ambayo wazee wa Unguja bado waikumbuka kwa nyumba za ghorofa za Kikwajuni, viwanda na majiko yaliwashwa kwa makaa ya kahawia yenye moshi mzito wa salfa. Mama wengi walikwenda kazini, na watoto wao wakapelekwa katika nyumba za malezi wangali wachanga. Ikiwa ni kweli kwamba hewa chafu huzaa pumu na mizio, basi mtu angekwenda Leipzig, mji uliojaa moshi huo, angewakuta watoto wake wagonjwa kuliko wa Munich. Hayo ndiyo Bibi von Mutius na wenzake waliyoyatazamia.

Walipima watoto 5,030 wa Munich na watoto 1,051 wa Leipzig, wote wenye umri wa miaka 9 hadi 11, wakatangaza matokeo mwaka 1992. Jambo la kwanza lilikuwa kama walivyofikiri: watoto waliowahi kuugua mkamba, yaani uvimbe wa njia za pumzi uletao kikohozi na makohozi, walikuwa asilimia 30.9 katika Leipzig, na asilimia 15.9 tu katika Munich. Moshi ulikuwa umefanya kazi yake mbaya. Lakini walipotazama mafua ya chavua, ule ugonjwa wa kupiga chafya na kutokwa machozi majani yachanuapo, waliona kinyume kabisa: asilimia 2.4 katika Leipzig, na asilimia 8.6 katika Munich. Hata pumu yenyewe haikuwa nyingi zaidi Mashariki: asilimia 7.3 Leipzig, asilimia 9.3 Munich. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 1994, uliotia na mji wa Halle, ulipima ngozi za watoto ili kuona ni wangapi ambao miili yao ilichukia vitu visivyo na madhara kama chavua na vumbi. Magharibi walikuwa asilimia 36.7, Mashariki asilimia 18.2. Watoto wa mji safi walikuwa na mizio maradufu ya watoto wa mji wa moshi.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Mtafiti mwingine angeweza kuzifungia hesabu hizo ndani ya dawati, akasema kipimo kimekosea. Mwingine angeweza kukimbilia upande wa pili, akatangaza kwamba moshi ni dawa. Bibi huyu hakufanya hili wala lile. Alizitangaza hesabu zote pamoja, ya mkamba na ya mafua, ile iliyokubaliana na mawazo ya watu na ile iliyoyapinga. Kisha akarudi kazini kutafuta ni kitu gani kilichokuwako Mashariki na kisichokuwako Magharibi. Elimu ya namna hiyo ndiyo tuitakayo katika vyuo vyetu.

NDUGU WENGI NA MAZIZI

Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Mwaka 1989 Bwana David Strachan wa Uingereza alikuwa amezitazama habari za watoto 17,414 waliozaliwa nchini mwake katika juma moja la mwezi wa Machi 1958, akaona kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na kaka na dada wengi waliomtangulia, ndivyo alivyopungukiwa na mafua ya chavua. Alisema yamkini ndugu wakubwa huwaletea wadogo zao maradhi madogo madogo ambayo huufundisha mwili. Huko Ujerumani Bibi von Mutius naye aliona jambo hilo hilo katika ndugu. Na mwaka 1999 Bibi Ursula Krämer na wenzake walionyesha kwamba huko Mashariki mtoto wa familia ndogo aliyepelekwa mapema katika nyumba ya malezi, kabla ya kutimiza mwaka, alipata mizio kidogo kuliko mwenziwe aliyekaa nyumbani peke yake. Nyumba zile zilikuwa zimemletea wenzake wengi badala ya ndugu asiokuwa nao.

Kisha ukaja ushahidi mwingine. Ujerumani ilipoungana, maisha ya Magharibi yalihamia Mashariki kwa haraka, na mizio ikahamia pamoja nayo. Katika Leipzig mafua ya chavua yalipanda kutoka asilimia 2.3 katika mwaka 1991 hadi 1992, yakafikia asilimia 5.1 katika mwaka 1995 hadi 1996. Walakini pumu haikupanda. Watoto waliopimwa mara ya pili walikuwa wamezaliwa kiasi cha miaka 3 kabla ya nchi kuungana. Mwaka wao wa kwanza wa maisha waliupitisha katika desturi za zamani. Bibi von Mutius alilitia jambo hilo moyoni. Yamkini mafua ya chavua yaweza kumjia mtoto hata akiwa amekua, lakini habari ya pumu huamuliwa mapema sana. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi twaona kwamba methali hiyo ina kweli hata ndani ya kifua.

Ndipo macho ya watafiti yalipogeukia mashamba. Huko Uswisi daktari wa kijijini alikuwa ameona kwamba watoto wa wakulima aghalabu hawaugui mafua ya chavua, ijapokuwa wanalala katikati ya majani yenyewe. Mwaka 1999 Bibi Charlotte Braun-Fahrländer na wenzake walithibitisha kwa hesabu kwamba ni kweli. Mwaka 2001 ukatangazwa uchunguzi wa watoto wa vijijini katika Austria, Ujerumani na Uswisi, ambao Bibi von Mutius alishiriki. Watoto waliozoea zizi la ng'ombe na kunywa maziwa ya shambani tangu mwaka wao wa kwanza walipata pumu kwa asilimia 1 tu. Wale waliozoeshwa mambo hayo baadaye, kati ya mwaka wa 1 na wa 5, walipata kwa asilimia 11. Zizi lilikuwa lile lile na ng'ombe wale wale. Tofauti ilikuwa ni wakati.

SHULE YA ASKARI

Msomaji atauliza: zizi lamfundisha nini mtoto? Ili tujibu hatuna budi kueleza kidogo kazi ya pafu. Mtu mzima huvuta kiasi cha lita 10,000 za hewa kila siku, na hewa hiyo hupita juu ya ngozi laini ya mapafu ambayo, kama ingetandazwa chini, ingefunika mita za mraba 70 hivi. Pamoja na hewa huingia chavua, unga, manyoya, vijidudu na vumbi la kila namna. Kama askari wa mwili wangepigana na kila kiingiacho, mtu asingeishi hata siku moja. Kwa hiyo kazi kubwa ya kinga katika mapafu ni kuvumilia. Kupigana huja mara chache. Wataalamu huuita ustahimilivu wa kinga.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ustahimilivu huo hupatikana kwa njia moja tu, nayo ni kuwaua askari wakorofi wangali katika tezi ya thimasi iliyo kifuani, ambamo seli za kinga huitwazo T hupata mafunzo. Bwana Shimon Sakaguchi wa Japani hakuridhika. Wakati ambapo wataalamu wengi walikuwa wameliacha wazo la seli zinazozuia wenzao, yeye aliendelea nalo, na mwaka 1995 akaonyesha kwamba kuna kundi maalumu la seli T ambalo kazi yake ni kuwatuliza askari wengine. Ukiliondoa katika panya, mwili wake hujishambulia. Mwaka 2001 Bibi Mary Brunkow na Bwana Fred Ramsdell wa Marekani waligundua kwamba panya wenye ugonjwa wa namna hiyo wana kasoro katika jini iitwayo Foxp3, na muda si mrefu ikajulikana kwamba jini hiyo ndiyo iziongozayo seli zile za kutuliza. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025.

Kazi ya Bibi von Mutius na kazi ya Bwana Sakaguchi zilikutana katika damu ya watoto. Tangu mwaka 2002 yeye na wenzake katika Austria, Finland, Ufaransa, Ujerumani na Uswisi wamewafuata watoto zaidi ya 1,000 wa vijijini tangu wakiwa matumboni mwa mama zao, wengine wa wakulima na wengine si wa wakulima. Mwaka 2014 walitangaza kwamba watoto wa mashambani walipofikia umri wa miaka 4 na nusu walikuwa na seli nyingi zaidi za kutuliza, hasa wale waliokunywa maziwa ya shambani, na wenye seli hizo nyingi walikuwa na mizio na pumu kidogo. Askari wa mtoto wa zizini walikuwa wamepata wakubwa wa kuwasimamia.

WAKRISTO WAWILI WALIOTOKA ULAYA

Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka Marekani mwaka 2016. Huko wako Wakristo wa madhehebu mawili waliohama Ulaya zamani kwa ajili ya imani yao: Waamishi, ambao asili yao ni Uswisi, na Wahuteri, ambao asili yao ni milima ya Tiroli. Wote ni wakulima, wote wana familia kubwa, chakula chao chafanana, na nasaba zao zakaribiana. Lakini Waamishi hulima kwa farasi, kila familia na shamba lake, na zizi liko hatua chache kutoka mlangoni, hata watoto hucheza humo. Wahuteri huishi pamoja na kumiliki mali kwa pamoja. Mashamba yao ni makubwa, yanalimwa kwa mitambo, na watoto wadogo hawafiki mazizini.

Bibi von Mutius pamoja na Bibi Carole Ober, Bibi Anne Sperling na Bibi Donata Vercelli walilinganisha watoto wao. Pumu kwa watoto wa Waamishi ilikuwa asilimia 5.2, na kwa watoto wa Wahuteri asilimia 21.3. Msomaji asije akadhani kwamba ni ujamaa uliowaletea Wahuteri pumu! Wenzetu hao walikosa zizi, hawakukosea kugawana mali. Watafiti walikusanya vumbi la nyumba za pande zote mbili, wakaona kwamba katika nyumba za Waamishi mabaki ya bakteria yaitwayo endotoksini yalizidi yale ya nyumba za Wahuteri kwa mara 6.8. Kisha wakalitia vumbi hilo katika pua za panya waliokuwa wakifanywa wapate pumu. Vumbi la Waamishi liliwakinga panya, la Wahuteri halikuwakinga.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 2015, Bwana Bart Lambrecht na Bibi Hamida Hammad wa mji wa Ghent, Ubelgiji, walikuwa wameonyesha mlango ambao vumbi la shamba hupitia. Panya aliyevutishwa vumbi hilo kidogo kidogo kwa siku nyingi, ngozi ya ndani ya mapafu yake ilitengeneza protini iitwayo A20, nayo huipunguzia ngozi hiyo haraka ya kupiga mbiu. Panya aliyenyimwa protini hiyo hakupata faida yoyote kwa vumbi. Kwa hiyo mafunzo hayo huanzia katika ukuta wa pafu lenyewe: mlinzi wa mlangoni hujifunza kutopiga kelele kwa kila kivuli.

Kwa kazi zake Bibi von Mutius alipewa mwaka 2013 Tuzo ya Leibniz, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa za elimu nchini mwake.

TUSIELEWE NUSU

Sasa twafika mahali penye hatari. Tumekwisha kusikia watu wakisema kwamba uchafu wafaa, kwamba watoto wa zamani walikulia katika moshi na hawakufa, kwa hiyo jiko la kuni lisisumbuliwe. Wasemao hivyo wamesikia neno la pili la Leipzig wakasahau la kwanza. Watoto wa Leipzig waliugua mkamba maradufu ya wenzao wa Munich. Kilichowapa utulivu wa kinga hakikuwa moshi wa makaa. Katika mashamba ya Uswisi na ya Waamishi utulivu ule ule ulipatikana pasipo moshi huo. Moshi haumfundishi mtoto kitu. Huunguza ngozi ya pafu, huziua nywele ndogo zifagiazo uchafu, na huwafungulia njia vijidudu vya kichomi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka 5. Hao hawakufa vitani, wala kwa njaa. Wengi wao walikufa kwa sababu chakula chao kilipikwa juu ya mafiga, ndani ya chumba kisicho na dirisha, nao wakiwa migongoni mwa mama zao. Na mama mwenyewe, ainamaye juu ya moto huo mara mbili au tatu kila siku kwa miaka 30, huishia na kifua cha mvutaji sigara ijapokuwa hajapata kushika sigara.

Hata vumbi lenyewe la shambani lina mipaka yake. Endotoksini ile ile imtulizayo mtoto mchanga kwa kiasi kidogo, humwumiza mfanyakazi aivutaye kwa wingi katika kiwanda cha kuchambua pamba, akabanwa kifua kila arudipo kazini baada ya mapumziko. Mkulima afukuaye majani makavu yaliyoota ukungu aweza kuharibikiwa na mapafu. Na maziwa yasiyochemshwa, ambayo katika Ulaya yameonekana yakiandamana na kifua kizima, katika nchi zenye kifua kikuu cha ng'ombe na brusela yaweza kumwua anywaye. Bibi von Mutius na wenzake hawakumwambia mama yeyote ampe mtoto maziwa mabichi. Wanatafuta ni kitu gani ndani ya maziwa kinachosaidia, ili kipatikane pasipo hatari. Tofauti hiyo kati ya kujua na kuiga ndiyo inayomtenga mtaalamu na mpiga ramli.

YATUPASAYO

Kwa hiyo neno letu leo ni kwamba uchafu si kitu kimoja. Kuna moshi, ambao ni adui wala hauna upande mwema. Kuna kinyesi katika maji ya kunywa, ambacho huua. Na kuna mavumbi ya maisha, yaani udongo, majani, kuku, mbuzi, ng'ombe na wingi wa watoto wenzake, ambayo mtoto akikutana nayo mapema, pamoja na chanjo, lishe bora na maziwa ya mama yake, yaonekana kukifundisha kifua chake adabu. Mwenye kuvitia vyote katika kapu moja atakosea njia mbili: ama atamwacha mtoto katika moshi akisema ni desturi, ama atamfungia ndani ya nyumba ya vioo akisema ni maendeleo.

Nchi yetu inahamia mijini. Mtoto aliyezaliwa kijijini akifukuza kuku uani, mwanawe atazaliwa katika chumba cha ghorofani akitazama televisheni. Hatusemi arudishwe kijijini kwa nguvu. Twasema kwamba wapangao miji, wanapochora ramani za viwanja, wakumbuke kwamba ua, bustani na uwanja wa kuchezea ni sehemu ya afya kama ilivyo zahanati. Twasema pia kwamba shule za watoto wadogo zisione aibu kuwa na shamba dogo na wanyama wachache waliopimwa na bwana mifugo.

Kuhusu moshi, Serikali ilitoa mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Shabaha hiyo ni njema, lakini karatasi haipiki ugali. Mtungi wa gesi ukigawiwa katika mkutano, na mama akakosa fedha ya kuujaza mwezi wa pili, utabaki pambo pembeni ya mafiga. Viongozi wa Chama katika matawi na mashina wasihesabu mitungi iliyogawiwa. Wahesabu majiko yaliyoacha kutoa moshi. Na pale ambapo gesi na umeme havijafika, fundi wa kijiji aweza leo hii kutoboa dirisha na kuinua bomba la kutolea moshi, na baba aweza kuitoa kuni mvua na kuianika. Hayo hayangoji mfadhili.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la wasomi wetu. Ulaya si Afrika. Mtoto wa kwetu hukutana na malaria, minyoo na kifua kikuu, mambo ambayo mtoto wa Munich hayajui, na kila moja lina neno lake la kuiambia kinga ya mwili. Hatuwezi kuchukua hesabu za Bavaria tukazivika kanzu tukasema ni za Rufiji. Sharti vijana wetu wapime vifua vya watoto wetu wenyewe, wa mjini na wa shamba, wa nyumba ya moshi na wa nyumba isiyo na moshi, mwaka baada ya mwaka, kama wenzao walivyofanya huko. Na majibu yakiwa kinyume cha matazamio ya profesa, au ya waziri, au ya gazeti hili, wayatangaze vivyo hivyo. Taifa lililotangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini haliwezi kumwogopa mtu aletaye hesabu za kweli.

Wakati tukiyangoja majibu hayo, kila nyumba yaweza kuanza na lililo dhahiri. Moshi utoke jikoni, mtoto abaki uani.